Kifunge na Jirani Yake: Mwongozo wa Kidole cha Mguu Kilichovunjika

Umeme umekatika, mvua inapiga bati, nawe umeamka usiku kuangalia kama maji yameanza kuingia uani. Hatua ya tatu tu, kidole kinakutana na kinu. Unasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinapokatika, kisha maumivu yanakupanda hadi kwenye meno. Unakaa chini na kukishika kidole kwa mikono miwili. Aliyeamshwa na kelele zako anauliza kutoka kitandani: "Si kidole tu?"

Ni kidole tu. Lakini kesho kuna palizi, na shamba la mpunga halina pa kukanyaga pakavu.

Huku Bondeni, wilayani Kyela, kuanzia Kasumulu mpaka Matema, kazi zetu nyingi tunazifanya kwa miguu mitupu au kwa malapa. Tunaingia majarubani, tunasukuma mitumbwi kwenye mchanga, tunabeba magunia ya mchele na kakao, tunapanda bodaboda kwenye tope. Vidole vya miguu ndivyo vinavyotangulia kila mahali, na ndivyo vya mwisho kutibiwa.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Vidole vingi vilivyovunjika vinapona nyumbani, vikifungwa na kidole jirani na kupewa wiki sita hivi. Vichache vikiachwa nyumbani vinapinda, vinaoza au vinakuachia kilema. Kazi yako ya kwanza, kabla ya dawa na kabla ya bandeji, ni kujua chako kiko kundi gani.

Kwa nini kitu kidogo kinauma hivi

Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26, na 14 kati ya hiyo iko kwenye vidole. Kidole gumba kina mifupa miwili, vingine vina mitatu mitatu. Ni mifupa myembamba, juu yake kuna ngozi na nyama kidogo tu, na mishipa ya fahamu ni mingi. Damu ikivuja ndani haina nafasi ya kutawanyika, ndiyo maana kidole kinavimba haraka na kupwita usiku kucha.

Isitoshe, kila hatua unayopiga inamalizikia vidoleni. Kisigino kinatua, uzito unasogea mbele, kisha vidole, hasa kidole gumba, vinakusukuma uende. Hata bondia anategemea vidole hivyo. Tarehe 2 Julai 2011, huko Hamburg, Ujerumani, bondia Mwingereza David Haye alishindwa kwa pointi na Wladimir Klitschko. Baada ya pambano alivua kiatu akaonyesha kidole chake cha mwisho, akisema alikivunja kabla ya pambano. Wengi walimcheka. Kama kidole kilimnyima ushindi au la, hilo waachie mashabiki wa ngumi. Lakini aliyewahi kuvunjika kidole anajua kwamba ngumi, kama hatua, inaanzia chini.

Dakika kumi za kwanza

1. Kaa chini. Usijaribu "kukitembeza ili kizoee". Mfupa uliopasuka bila kuhama unaweza kuhama kwa hatua chache tu za ubishi.
2. Vua pete, kamba au soksi ya kubana kabla uvimbe haujaanza. Baadaye itabidi ikatwe.
3. Washa tochi uangalie. Kuna jeraha? Kidole kimeelekea upande? Rangi yake ikoje?
4. Kama kuna jeraha, lioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa hicho dakika kumi bila kufunua funua.
5. Poza. Barafu ya muuza samaki au ya muuza juisi inatosha. Ifunge kwenye kitambaa, iweke dakika 15 hadi 20, kisha iondoe. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu kwa siku mbili za kwanza. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Kama barafu hakuna, tumia kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kisimani, ukikibadilisha kila kinapopata joto.
6. Inua mguu juu kuliko kifua. Lala chali, weka mguu juu ya mito miwili au gunia lililokunjwa. Kukaa kitini huku mguu ukining'inia si kupumzika.
7. Meza paracetamol. Mtu mzima humeza vidonge viwili vya miligramu 500, na anaweza kurudia baada ya saa sita. Usizidishe vidonge vinane ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini amuulize mhudumu wa afya kwanza. Mtoto hupewa dozi kulingana na uzito wake, hivyo usimkatie kidonge kwa kukadiria.

Ibuprofen na diklofenaki navyo hutuliza maumivu, lakini si vya kila mtu. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye pumu wasivinunue bila kumwambia muuza dawa hali yao. Na usichanganye viwili hivyo ukidhani nguvu itaongezeka. Kinachoongezeka ni madhara.

Kimevunjika au kimechubuka tu?

Bila picha ya eksirei huwezi kuwa na uhakika, na mara nyingi si lazima uwe nao, kwa kuwa kidole kilichoteguka na kilichopasuka kidogo hutunzwa karibu sawasawa. Dalili hizi zinaelekeza kwenye mvunjiko:

- Ulisikia mlio wa kukatika ulipojigonga.
- Ukibonyeza juu ya mfupa, kuna mahali pamoja panapouma kama sindano. Kilichochubuka tu huuma kidole kizima.
- Ukigusa ncha ya kidole na kuisukuma taratibu kuelekea kisigino, maumivu yanatokea katikati ya kidole.
- Kesho yake rangi imegeuka kuwa ya zambarau au nyeusi, na weusi umeenea hadi juu ya mguu.
- Kimekuwa kifupi, kimepinda au kimelalia mwenzake.

Wengi husema: "Hakijavunjika, mbona nakichezesha?" Kukichezesha hakuthibitishi kitu. Kano zinaweza kuvuta kidole ambacho mfupa wake umepasuka.

> KISANDUKU: USIBAKI NYUMBANI
>
> Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya:
>
> - Kuna jeraha juu ya mvunjiko, au mfupa unaonekana
> - Kidole kimepinda au kimeelekea upande usio wake
> - Kilichoumia ni kidole gumba
> - Maumivu yako nyuma ya vidole, kwenye mguu wenyewe
> - Kidole ni baridi, cheupe au cha bluu, au kina ganzi
> - Una kisukari, au miguu yako ilikwisha kupungua hisia kwa sababu yoyote
> - Ukucha umeng'oka kwenye shina lake, hasa kwa mtoto
> - Aliyeumia ni mtoto na hataki kabisa kukanyaga
>
> Baadaye, rudi haraka ukiona usaha, wekundu unaopanda, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Kwa nini kidole gumba kimetengwa? Kwa sababu ndicho kinachobeba mzigo mkubwa unapopiga hatua. Kikiungana vibaya, utachechemea miaka. Na kwa nini mwenye kisukari? Kwa sababu anaweza kuvunjika asisikie maumivu, akaendelea kukanyaga, na kidonda kidogo kikaishia kwenye kukatwa kidole au mguu. Kwake yeye, kutosikia maumivu si habari njema.

Ukienda hospitali

Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina eksirei, lakini inaweza kusafisha jeraha, kutoa chanjo ya pepopunda na kukuandikia rufaa. Kutoka hapo, wa mjini na vijiji vya jirani huenda Hospitali ya Wilaya ya Kyela. Wa upande wa Matema wana hospitali ya Kanisa la Kilutheri palepale Matema. Mvunjiko mgumu unaohitaji upasuaji unaweza kukufikisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Piga simu kwanza uulize kama eksirei inafanya kazi siku hiyo. Nauli ya kwenda mara mbili inauma kuliko kidole.

Njiani, bajaji ni bora kuliko pikipiki. Kama ni bodaboda tu iliyopo, vaa kiatu kigumu, weka mguu juu ya pedeli, usiuachie uning'inie, na mwambie dereva aende taratibu. Kwa wanaotoka Ikombe na vijiji vya mwambao chini ya milima ya Livingstone kwa mtumbwi, ukiwa na jeraha funga mfuko safi wa plastiki juu ya bandeji wakati wa kupanda na kushuka, na uuvue ukishakaa, ngozi isitokwe jasho.

Maswali ya kumuuliza daktari kabla hujatoka:

1. Mfupa upi umevunjika, na umehama au haukuhama?
2. Mvunjiko umeingia kwenye kiungo?
3. Nikanyage au nisikanyage, na kwa muda gani?
4. Nirudi lini kuangaliwa?
5. Chanjo yangu ya pepopunda inatosha?

Swali la tano usilisahau ukiwa na jeraha lililoingia tope au samadi. Wanawake hupewa chanjo hiyo kliniki wakati wa ujauzito. Wewe mwanaume usijihesabu umechanjwa kwa sababu mkeo alichanjwa.

Kukifunga na jirani: hatua kwa hatua

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kilichovunjika nacho hakisimami peke yake, hivyo tunakipa kazi ya gango kidole kizima kilicho kando yake. Njia hii ni ya vidole vinne vidogo, visivyopinda na visivyo na jeraha. Kidole gumba mwachie mhudumu wa afya.

Vinavyohitajika: plasta ya kuviringisha kutoka duka la dawa, pamba au kipande cha kitambaa laini kilichofuliwa, na mkasi.

1. Osha mguu kwa sabuni, ukaushe kabisa, hasa katikati ya vidole.
2. Chagua jirani. Cha mwisho hufungwa na cha nne, cha nne na cha tatu, cha tatu na cha pili, na cha pili na cha tatu.
3. Weka pamba au kitambaa kati ya vidole viwili hivyo. Ngozi ikigusana na ngozi chini ya plasta, hasa kwenye joto la huku, inaloa, inanyauka na kutoa kidonda.
4. Zungusha plasta nyembamba karibu na shina la vidole, na nyingine juu kidogo, ukiacha ncha na kucha zikionekana.
5. Usivute plasta. Ilaze tu. Uvimbe utaongezeka, nayo haitanuki.
6. Pima damu: bonyeza ukucha uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi kabla hujamaliza kutamka "moja, mbili". Ikichelewa, au ukihisi ganzi, fungua ufunge upya ukilegeza.
7. Badilisha kila siku moja au mbili, na kila inapolowa. Kagua ngozi kila unapofungua.

Juu ya hapo vaa kiatu cha soli ngumu na mbele papana. Katambuga ya tairi yenye mikanda ya kulegeza ni bora kuliko malapa. Malapa yanapinda kila hatua, na mkanda wake unakaa palepale penye maumivu. Umbali wowote unaozidi uani, shika fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mzima.

Kalenda ya wiki sita

Siku ya 1 hadi 3. Pumzika, poza, inua. Choo na chakula, basi. Usiku tengeneza kihema kwa kuweka ndoo au kikapu chini ya shuka ili lisilalie kidole.

Siku ya 4 hadi 14. Uvimbe unaanza kushuka, weusi unageuka kuwa kijani na njano. Hiyo ni dalili njema. Tembea kwa kisigino, hatua fupi. Fanya kazi za kukaa: kupepeta na kuchambua mchele, kupasua matunda ya kakao, kushona nyavu. Ukikaa muda mrefu, inua mguu juu ya kigoda.

Wiki ya 3 na ya 4. Maumivu yamepungua, na hapa ndipo watu wengi wanapojiharibia. Mfupa umeshikana kwa tishu laini ambayo bado haijakomaa. Usiingie jarubani. Tope linanyonya mguu, na ukiuchomoa unavuta vidole vyote. Dereva wa bodaboda naye asubiri. Mguu wa kushoto ndio wa gia, wa kulia ndio wa breki ya nyuma, na siku ya kukwepa mbuzi barabarani hutakumbuka kidole.

Wiki ya 5 na ya 6. Anza kuacha plasta nyumbani, uivae ukitoka. Kunja na kunjua vidole mara kumi, asubuhi na jioni. Kisha tandika taulo sakafuni ujaribu kulikusanya kwa vidole. Ukakamavu unatoka polepole.

Baada ya hapo. Uvimbe kidogo jioni unaweza kubaki kwa wiki kadhaa. Lakini kama wiki ya sita imepita na bado huwezi kukanyaga, rudi hospitali. Kama ukucha ulitoka, wa kidole gumba unaweza kuchukua mwaka mzima hadi mwaka mmoja na nusu kuota wote.

Makosa tunayoyafanya

Kukanda kwa maji ya moto. Tumekuzwa nayo, na kwa mgongo uliochoka inafaa. Kwa kidole kilichovunjika usiku wa jana, moto unaongeza damu na uvimbe. Subiri siku tatu zipite, na hata hapo yawe maji ya uvuguvugu, si ya kunyonyolea kuku.

Kuchua na kuvuta. Atatokea mjuzi, mwenye mafuta ya mawese mkononi, akuambie kidole kimeachia tu, akivute kirudi. Ni mtu mwema. Mwambie ndaga fijo, yaani asante sana, kisha urudishe mguu wako chini ya kiti. Bila picha hakuna anayejua vipande vimekaaje, na kuvuta kunaweza kukata mshipa wa damu.

Kufunga kwa mpira wa baiskeli. Mpira wa ndani ya tairi unaendelea kubana hata ukilala. Kidole kilichonyimwa damu usiku mzima kinaweza kufa, na hapo hakuna dawa ila kukatwa.

Kutoboa ukucha kwa spoku ya moto. Damu iliyovilia chini ya ukucha inauma kweli, na mhudumu anaweza kuitoa kwa dakika chache. Ukitoboa mwenyewe, unaweza kufungua mlango wa vijidudu hadi kwenye mfupa.

Kupaka kila kitu kwenye jeraha. Majivu, udongo, samadi, mafuta ya breki, unga wa vidonge vya rangi mbili: vyote hivi acha. Maji safi na sabuni vinatosha mpaka ufike kituoni.

Kutuliza kwa kimpumu. Pombe inakusahaulisha kidole, nawe unajigonga tena. Ikichanganywa na paracetamol nyingi, inaumiza ini.

Cha kula mfupa uunge

Hakuna chakula cha kuunga mfupa kwa siku tatu, lakini mfupa haujengwi kwa wali mtupu. Usipa, samaki wadogo wanaoliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi kuliko samaki wakubwa tunaotupa miiba yao. Ongeza maziwa, ya mgando au freshi yaliyochemshwa, maharage kutoka Tukuyu, mboga za majani na yai ukilipata. Jua la asubuhi mlangoni husaidia mwili kutengeneza vitamini D. Na mvutaji, kama ulitafuta sababu ya kupumzisha sigara, umeipata: tumbaku inachelewesha mfupa kuunga.

> KABLA YA KURUDI SHAMBANI AU MTUMBWINI, JIPIME
>
> ☐ Wiki sita zimetimia, au daktari ameruhusu
> ☐ Nikibonyeza mfupa, hauumi
> ☐ Natembea uani mara kumi bila kuchechemea
> ☐ Naweza kusimama kwa vidole nikishika ukuta
> ☐ Hakuna kidonda wala ngozi iliyonyauka kati ya vidole
> ☐ Nina gambuti au kiatu kinachonitosha bila kubana mbele
>
> Kama kisanduku kimoja kiko wazi, ongeza wiki moja. Mpunga utapaliliwa na majirani. Nawe utawalipa siku ya kuvuna.

Kisijirudie

Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Usiku wa giza na sakafu yenye maji hatuwezi kuviondoa. Tunachoweza ni kuweka tochi mahali pamoja pasipobadilika, kuvaa viatu vya kufunika vidole tunaposhusha magunia, kuwa wawili kila tunapobeba nanga au chungu kikubwa, na kuacha njia ya kutoka chumbani hadi mlangoni ikiwa wazi.

Kwa hiyo anza na kile kinu. Kama bado kiko pale pale, muite mtu mwenye miguu mizima akisogeze leo, kabla hakujaingia giza.